Jinsi ya kutunga dunia ya mchezo wa mezani: upepo kwanza, historia baadaye

Dunia nyingi za kujitungia kwa ajili ya michezo ya kuigiza mezani, ile ya madadu na karatasi za wahusika, hufia daftarini. Mtunzi ameandika nasaba za wafalme na hakuandika la kufanya. Wachezaji wanne wakishaketi na vikombe vyao vya chai, hakuna anayeuliza sultani wa nane alimwoa nani. Wanauliza wanaweza kwenda wapi, safari itachukua siku ngapi na nani atawazuia njiani. Dunia yako ipime kwa maswali hayo matatu.

Mfano tutakaoshikilia hapa ni mwambao wa Waswahili wa karne ya 14, enzi za Kilwa. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, kwa hiyo tunao mwaka wa kuegemea. Hesabu za wahusika na maadui zinafuata D&D (Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii) ya toleo la tano kwa kuwa ndiyo wengi waliyoanza nayo. Lengo ni kijitabu cha kurasa 16 ambacho mtu mwingine anaweza kukichukua na kusimamia mchezo bila kukupigia simu.

Sharti moja lisilobishiwa

Chagua jambo moja la maumbile ambalo hakuna mhusika anayeweza kulipinga, awe tajiri au mchawi, kisha mengine yote yaning'inie hapo. Mwambao umekupa la bure. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi hushika kuanzia Aprili, hudumu hadi Septemba au zaidi, na kuvirudisha. Katikati yao kuna maleleji, siku ambazo upepo wenyewe haujaamua.

Sasa andika sentensi tano zinazoanza na "Kwa sababu ya upepo". Kwa sababu ya upepo, mfanyabiashara wa Hormuz, huko Ghuba, aliyechelewa kuondoka amekwama mjini kwa miezi. Kwa sababu ya upepo, anahitaji nyumba, mdhamini, pengine mke. Kwa sababu ya upepo, bei ya vitambaa hupanda kila wiki meli zinapochelewa, na anayejua zimefikia wapi anaweza kutajirika kwa siku moja. Kwa sababu ya upepo, mwizi aliyeiba mwishoni mwa kaskazi hawezi kukimbilia kusini. Kwa sababu ya upepo, barua ya kumwonya sultani itafika baada ya adui.

Kila sentensi hapo ni kikao kizima cha mchezo, na bado hatujagusa historia. Ukikwama kwenye ya tatu, sharti lako ni dhaifu: libadilishe mapema, kabla hujalipenda. "Kuna mwezi mwekundu angani" hupendeza kusoma lakini mara nyingi hauzai hata sentensi mbili.

Ramani inayohesabika

Chora ramani ya pembesita, vyumba vilivyopangana kama sega la nyuki, kila chumba kilomita 25. Kitabu cha D&D kinatoa maili 24 kwa siku kwa mwendo wa kawaida wa miguu, yaani kilomita 38 na ushei. Kwenye tope la mikoko na jua la saa saba mchana, 25 zinatosha. Kwa hiyo chumba kimoja ni siku moja ya kutembea.

Baharini, chombo kinachokwenda noti 4 kwa saa 10 za mchana hupata maili za bahari 40, karibu kilomita 74, ambavyo ni vyumba vitatu. Umbali wa mstari mnyoofu, kwa vyumba: Kilwa hadi Unguja 12, Unguja hadi Mombasa 10, Mombasa hadi Malindi 4, Malindi hadi Lamu 6. Jumla ni 32. Ukichora vyumba vya kimo cha milimita 8, mwambao wote huo unakaa kwenye karatasi moja ya A4 iliyosimama. Sofala ya dhahabu, zaidi ya vyumba 50 kusini ya Kilwa, iandike pembezoni kwa mshale. Usichore bara zima. Wachezaji wakitaka kufuata njia ya dhahabu kuelekea Zimbabwe, utachora karatasi ya pili wiki hiyo.

Jedwali la upepo

Hapa ndipo watunzi wengi hukimbilia dadu moja la nyuso sita na kuweka "1 = dhoruba". Piga hesabu kwanza. Safari ya siku 9 kwa dadu hilo ina uwezekano wa asilimia 81 wa kukutana na dhoruba angalau moja. Baada ya safari tatu wachezaji watauza chombo wafungue duka.

Tumia madadu mawili ya nyuso sita, ujumlishe. Katikati huja mara nyingi, kingo mara chache, kama hali ya hewa inavyofanya. Kila asubuhi ya safari ya kufuata upepo, nahodha atupe:

2 au 3: dhoruba. Hakuna mwendo. Wachague: tanga lipasuke au nusu ya shehena itupwe baharini.
4 au 5: upepo mkali. Vyumba 4, lakini nahodha afanye jaribio la ugumu wa 15 (dadu la nyuso 20 pamoja na nyongeza za nahodha zifike 15). Nahodha akishindwa, kamba za mshono hulegea na chombo huanza kuvuja.
6 hadi 8: upepo wa kazi. Vyumba 3.
9 au 10: upepo mwanana. Vyumba 2.
11 au 12: shwari. Chombo kinakaa palepale.

Wastani wa jedwali hili ni vyumba 2.5 kwa siku, kwa hiyo Kilwa hadi Mombasa kwa kusi ni siku 9. Uwezekano wa dhoruba katika siku hizo ni asilimia 54. Sasa weka kanuni ya pili, fupi: anayekwenda kinyume cha upepo apunguze vyumba 2 kwenye kila jibu, na jibu lisishuke chini ya sifuri. Wastani unaporomoka hadi chini ya chumba kimoja kwa siku. Safari ileile sasa ni siku 26.

Kanuni ya tatu ndiyo inayoziunganisha: chombo kina maji ya kunywa ya siku 10. Kwa kufuata upepo unafika ukiwa na mtungi mmoja. Kwa kupingana nao lazima utie nanga mara kadhaa, na kila bandari ina mwenye kudai ushuru. Kutoka Kilwa hadi Mafia pekee, vyumba 5, ni siku 6 za kusukumana na upepo. Hapo mchezaji hahitaji kuelezwa kwamba majira ni muhimu. Anaangalia mitungi.

Zingatia neno "mshono" hapo juu. Mtepe wa mwambao ulishonwa kwa kamba za nazi na tanga lake lilikuwa la mkeka, bila misumari. Jambo hilo lisiishie kwenye maelezo ya kupamba. Liingize kwenye kanuni, kama hivi: chombo kinachovuja hutengenezwa ufukweni popote penye minazi, kwa siku 2 na watu 4, bila fedha. Kwa kanuni hiyo moja wachezaji wanaweza kujificha kwenye kisiwa kisicho na fundi wala soko.

Maji kujaa na kupwa

Mlango wa mwamba unaopitika maji yakijaa tu ni zawadi kwa msimamizi wa mchezo, na hesabu yake ni nyepesi kwa sababu kalenda ya mwambao ni ya mwezi mwandamo. Tarehe 1 na 15 ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Kwa matumizi ya mchezo, siku ya bamvua maji yajae saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, kisha ongeza dakika 50 kila siku. Andika tarehe ya leo juu ya karatasi yako na umemaliza.

Kinachoharibu hapa ni kuzidisha. Usifanye jedwali la maji kwa kila bandari. Lango moja, la mji mkuu wa mchezo, linatosha.

Mji mmoja, pande tatu

Ukitumia Kilwa yenyewe, kuna mchezaji atakayekukumbusha yaliyoandikwa kwenye kitabu cha historia, na atakuwa sahihi. Afadhali ubuni mji, tuuite Mwambakuu, mwendo wa siku moja kutoka Kilwa. Kilwa ibaki kuwa nguvu ya nje ya mji, inayotuma wajumbe na kudai kodi.

Mwambakuu uwe na pande tatu, siyo saba. Pande mbili huwa mechi ya mpira: wachezaji huchagua jezi na kukaa nayo. Zikiwa tatu, kila msaada kwa mmoja ni usaliti kwa wawili, na hesabu haitulii. Kwa kila upande andika mistari minne tu: unataka nini kabla upepo haujageuka, una nini ambacho wengine hawana, nani anazungumza kwa niaba yake, na atafanya nini wachezaji wasipofanya lolote. Huo wa mwisho ndio husahaulika, na ndio unaofanya mji uonekane hai.

Kwa mfano, waungwana wenye nyumba za mawe wanataka deni la mgeni wa Hormuz lilipwe kabla hajapanda chombo. Wana mamlaka ya kufunga bandari. Msemaji wao ni mjane mwenye ghala kubwa kuliko la liwali. Wachezaji wasipofanya kitu, siku ya 12 watamkamata mtumishi wa mgeni kama rehani. Maneno hayo ni machache kuliko aya moja ya historia, na yatakuchezesha vikao vitatu.

Usiandike "dhahabu 500" kama zawadi. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba zenye majina ya masultani, lakini mali kubwa ilitembea kama vitambaa, shanga, pembe za ndovu na vyombo vya Kichina. Robota la kitambaa linachukua nafasi chomboni, linalowa, linaibiwa. Dhahabu kwenye karatasi ya mhusika hailowi.

Imani, majini na mambo ya kuumiza

Watunzi wa mbali huchukua jini na kumpa pointi 45 za uhai. Wewe una wachezaji ambao bibi zao husoma dua kabla ya kumwaga maji ya moto usiku. Kabla ya kikao cha kwanza uliza kila mmoja, faragha, ni kipi kisiguswe na kipi kitajwe bila kuonyeshwa. Utumwa wa enzi hizo uko kwenye orodha hiyo, na usiufanye kuwa biashara ya wahusika wa wachezaji. Popobawa, pepo anayesemwa kuvamia watu usiku, mwache: hofu ya mwaka 1995 iliyoanzia Pemba iliwafikia watu walio hai leo.

Ukitaka ya ghaibu, yafanye yawe na adabu zake. Mzimu wa pangoni hapigwi. Anasalimiwa, anapewa ubani, na anaudhika kwa jambo maalumu ambalo wachezaji wanaweza kuligundua. Kanuni ya namna hii haihitaji pointi za uhai hata kidogo.

Vitu na maadui

Kosa la hatari kuliko yote kwenye kijitabu cha nyongeza ni kitu kinachofuta sharti lako. Ukimpa nahodha dira inayozuia dhoruba, umeuza dunia yako yote kwa kipande cha shaba. Mpe kitu cha kubembeleza upepo. "Ubani wa nahodha: una vipande 3. Kipande kimoja kikichomwa alfajiri, nahodha anaweza kutupa upya madadu ya upepo mara moja, na jibu la pili ndilo linalokaa." Siku hiyo dhoruba inashuka kutoka mara 1 kati ya 12 hadi 1 kati ya 144, lakini vipande ni vitatu na safari ni siku tisa. Watabishana lini wachome. Mabishano hayo ndiyo uliyoyataka.

Angalia pia nyongeza. Kwenye dadu la nyuso 20, +1 ni asilimia 5 siku zote. Kwenye madadu mawili ya nyuso sita, anayehitaji 7 ana asilimia 58, na +1 humpeleka 72. Kwa hiyo usihamishe kitu kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kukipima upya.

Maadui usiwatunge kutoka sifuri. Chukua jambazi wa kawaida wa D&D, mwenye kinga 12 (namba ambayo shambulio lazima liifikie) na pointi 11 za uhai, mpe jambia na jahazi, na badilisha tabia yake: haramia wa Mwambakuu wanataka mzigo, na wawili wakianguka wengine hukimbia. Kwa hesabu za toleo la tano lilivyotoka mwaka 2014, dhidi ya wahusika wanne wa ngazi ya kwanza, haramia wanne ni pambano la wastani, sita ni gumu, na wanane ni la kuua. Mruko huo wa nne hadi wanane hushangaza wanaoanza. Sababu yake ni kwamba wingi wa mapigo kwa mzunguko hudhuru kuliko nguvu ya pigo moja, na hesabu rasmi huzidisha kwa 2 maadui wakiwa watatu hadi sita, kwa 2.5 wakiwa saba hadi kumi.

Kuandika kanuni kwa Kiswahili

Kiswahili kina mtego wake, nao ni kiambishi "a-". "Akimpiga akashindwa, apoteze zamu": nani apoteze? Lugha yetu haitofautishi, na saa nne za usiku watu wazima watagombana juu ya herufi moja. Rudia nomino hata kama sentensi itachosha: "Mlinzi akishindwa jaribio, mlinzi apoteze zamu."

Chagua istilahi ukurasa wa kwanza na usibadilishe kwa ajili ya ladha. Ukishasema "jaribio", lisigeuke "mtihani" ukurasa wa 9, maana msomaji atadhani ni kitu cha pili. Tenga "lazima" na "anaweza" kwa uangalifu uleule. Na saa ziandike kwa mtindo wetu, ukitaja alfajiri, mchana, alasiri au usiku kila mara, vinginevyo mlango wa mwamba utafunguka wakati usio wake.

Madadu yakikosekana

Madadu ya ludo yako kila duka. La nyuso 20 ni adimu. Toa kwenye karata kopa na shupaza, kuanzia ree hadi 10: kopa zihesabu 1 hadi 10, shupaza 11 hadi 20. Changanya, chukua moja, irudishe kabla ya kuchanganya tena. Bila kuirudisha, kila karata iliyotoka hubadilisha bahati ya zinazobaki, na mchezaji mwenye kumbukumbu ataanza kuhesabu.

Kuchapa na kutoa

Karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati hutoa kurasa nne za A5, kwa hiyo idadi ya kurasa igawanyike kwa nne: 16 ni karatasi nne, pande zote mbili. Ukifika 17, punguza. Usiongeze tatu za kujaza. Herufi ziwe pointi 11, na jedwali la upepo liwe ukurasa wa katikati kabisa, pale kijitabu kinapofunguka chenyewe. Stepla ya kawaida haifiki katikati: kifungue kijitabu, kilaze juu ya sponji, piga pini kwenye mkunjo, geuza na ukunje miguu ya pini kwa kijiko.

Ukitaka kuuza au kusambaza, fahamu unachokanyaga. SRD 5.1, hati ya kanuni za msingi za D&D, iliwekwa chini ya leseni ya CC-BY-4.0 Januari 2023: unaweza kutumia maandishi yake hata kibiashara ukiweka tamko la kutaja chanzo. Si kila kiumbe wala kila jina la vitabu vya D&D limo humo, kwa hiyo tafuta neno lenyewe ndani ya hati hiyo kabla ya kulitumia. Cairn, mchezo mwingine wa kuigiza, hutumia CC-BY-SA, ambayo hukulazimu utoe kazi yako kwa leseni ileile. Jedwali la upepo ulilolibuni mwenyewe halihitaji mfumo wa mtu, na ndiyo sababu nyingine ya kulitenganisha na takwimu za mapigano.

Kulijaribu

Jaribu mara mbili, kwa namna mbili tofauti. Mara ya kwanza simamia mwenyewe safari moja ya Kilwa hadi Mombasa, usijali hadithi, na weka alama kwenye kila kanuni uliyoisahau. Kanuni uliyoisahau wewe uliyeiandika haina nafasi kwenye kurasa 16. Mara ya pili mpe kijitabu mtu mwingine asimamie, nawe ukae pembeni bila kusema neno, hata akikosea. Hasa akikosea. Andika ukurasa aliokuwa akiutafuta na sekunde alizochukua. Akizidi 30, kichwa cha ukurasa huo kina jina baya au kiko mahali pabaya. Swali likiulizwa mara mbili, jibu lake liingie kwenye sentensi ya kwanza ya ukurasa huo kabla hujarudi kutoa kopi nyingine.